Mbwa Wawili Kutoka Ng'ambo

Kila asubuhi king'ora cha mgodi kilipolia, wanaume wa Geita walishika njia ya kwenda shimoni. Wengine walibeba sururu, wengine taa. Maduhu alibeba kitana.

Kilikuwa kitana cha mbwa. Alipita nacho mbele ya nyumba za wafanyakazi, na majirani hawakumwacha apite salama.

"Mwangaluka, Baba Limi! Unakwenda kuwasuka wakubwa wako?" Huyo alikuwa Januari, mchimbaji aliyekaa nyumba ya pili.

"Mwangaluka, Januari. Cheka tu. Wewe leo utakula vumbi, mimi nitakaa kivulini."

"Mbwa analala juu ya blanketi, na mimi nalalia gunia! Dunia hii jamani!"

Maduhu alicheka akaendelea na safari yake. Ulikuwa mwaka 1953. Alifanya kazi kwa Mwingereza mmoja aliyesimamia pampu za kutoa maji mgodini. Watu walimwita Bwana Pampu, na mkewe wakamwita Mama Pampu. Walikuja kwa mkataba wa miaka mitatu. Walikuja pia na mbwa wawili.

Mbwa hao walisafiri safari ndefu kuliko watu wengi wa Geita. Walipanda meli kwa majuma mengi. Walipanda treni hadi Mwanza, wakavuka maji, wakamalizia safari juu ya lori. Dume aliitwa Kepteni. Alikuwa mkubwa, mwekundu, mwenye manyoya mazito na masikio marefu yaliyolowa kila alipokunywa maji. Jike aliitwa Topsi. Yeye alikuwa mdogo, mwenye miguu mifupi na kelele nyingi.

Kazi ya Maduhu ilikuwa bustani. Lakini mbwa walipofika, Kepteni alimfuata kutoka tuta hadi tuta. Akipumzika, Kepteni naye alilala, kichwa juu ya mguu wake. Siku moja Maduhu alikuwa na homa, hakufika kazini. Kepteni hakugusa chakula mpaka kesho yake. Basi Mama Pampu akasema, "Maduhu, kuanzia leo wewe ni mtu wa mbwa."

Mwanzoni Maduhu aliona haya. Kwao, Usukumani, mbwa hulala nje, hula makombo, hulinda ng'ombe, basi. Hakuna amchanaye. Lakini moyo una mambo yake. Kabla ya mwaka kuisha, Maduhu alimpenda Kepteni, na hata nyumbani alizungumza habari zake.

"Leo Kepteni amekamata panya," alimwambia mkewe.

"Mwambie aje kwangu," alijibu Nyamizi huku akipepeta mtama. "Huku panya ni wengi, na hakuna wa kuchanwa nywele."

Mama Pampu alikuwa na amri moja kubwa. Aliirudia mara nyingi kwa Kiswahili chake cha kuokoteza: "Mbwa hawaendi porini. Bustani, sawa. Barabara, sawa. Porini, hapana."

Maduhu aliitikia, "Ndiyo, Mama." Hakuuliza kwa nini. Kwake jambo lilikuwa wazi. Porini kuna chui, na chui anapenda sana nyama ya mbwa. Mama Pampu naye hakueleza. Kusema kweli, alikuwa ameambiwa hivyo na mzungu mwenzake, na yeye pia hakuuliza sababu.

Hapo ndipo ubaya ulipoanzia. Amri ilikuwepo, sababu yake haikuwepo.

* * *

Mama Pampu alikuwa mjamzito. Miezi ilipotimia, alikwenda Mwanza kujifungulia hospitali, na mumewe akamsindikiza akae naye wiki mbili. Nyumba ikabaki na mpishi. Mbwa wakabaki na Maduhu.

Siku ya tatu akafika kaka yake, Bujiku. Alitoka kijijini, upande wa pili wa pori, akiwa na maksai wawili wa kupeleka mnadani. Mmoja alipata mnunuzi, mwingine hakupata.

"Mayu anaumwa," Bujiku alisema. Mayu ni mama yao. "Kifua. Anakuulizia kila saa. Njoo umwone."

Maduhu hakuwa na la kufikiri. Mama ni mama. Aliomba ruhusa kwa mpishi, mzee Eustace, aliyeachiwa nyumba. Eustace akakubali.

"Tufuatane basi," Maduhu alimwambia kaka yake.

"Hapana. Mimi nina ng'ombe. Nitazunguka njia ndefu, ile iliyofyekwa. Nitalala njiani siku moja. Siwezi kupitisha maksai wangu kwenye mbung'o."

"Kweli. Mimi nitakatiza porini. Kabla jua halijatua nimefika."

Msukuma yeyote anawajua mbung'o. Ni inzi wa pori, wakubwa kidogo kuliko inzi wa nyumbani. Wakitua hukunja mabawa, moja juu ya lingine. Wanauma kama sindano na wananyonya damu. Ng'ombe akiumwa nao hukonda, nywele zikasimama, akafa. Maduhu alilijua hilo tangu akiwa mtoto mchungaji. Baba yake alikuwa anamchapa akiwasogeza ng'ombe karibu na pori.

Asubuhi Nyamizi alimkuta mumewe anamfunga Kepteni kamba.

"Baba Limi, unampeleka wapi mbwa wa watu?"

"Nakwenda naye. Nikimwacha hatakula. Umesahau siku ile ya homa?"

"Mama Pampu alisema hapana pori."

"Anaogopa chui. Tazama, nina mkuki. Tena tunapita mchana kweupe."

"Mwache kama Topsi. Mimi nitambembeleza ale."

"Topsi ana miguu mifupi, hawezi safari. Huyu ni dume."

Nyamizi alimtazama. "Sema kweli. Unataka kwenda kuringa naye kijijini."

Maduhu akacheka. Ni kweli alitaka kuringa. Alitaka watoto wakimbie nyuma yake. Alitaka wazee waulize, "Ni mnyama gani huyu?" Ni jambo dogo, nani asiyependa kutazamwa? Lakini baadaye alilikumbuka jambo hilo kuliko yote, nalo ndilo lililomchoma.

Wakaingia porini jua likiwa bado changa. Kepteni alifurahi kupita kiasi. Alinusa kila mti. Njia ilipofika kwenye mbuga yenye miti mingi, mbung'o wakaja. Maduhu aliwapiga shingoni na mgongoni kwa tawi la majani. Aliwaona pia kwenye masikio ya Kepteni, na tumboni pale penye manyoya machache. Alimpepea mara mbili tatu, kisha akachoka. Akajisemea moyoni: mbung'o ni wa ng'ombe. Mbwa wetu wanapita hapa kila siku na wawindaji, mbona hawafi?

Kijijini mambo yakawa kama alivyotaka. Watoto walikimbia. Wazee waliuliza. Mama yake, mgonjwa vile vile, aliinua kichwa kitandani akasema, "Mwanangu, huyu ni mbwa au ndama?" Wote wakacheka.

Bujiku alifika kesho yake na maksai wake. Walikaa siku nne. Kifua cha mama kikalegea, akaanza kunywa uji. Maduhu akaaga. Akarudi na Kepteni kwa njia ile ile ya pori.

Maksai alizungushwa siku mbili ili asiumwe na inzi. Kepteni alipitishwa katikati yao, mara mbili.

* * *

Siku kumi zilipita. Bwana Pampu alirudi kazini. Mkewe alikuwa amejifungua mtoto wa kike, lakini alibaki Mwanza apate nguvu.

Asubuhi moja Kepteni hakuja kumlaki Maduhu getini. Alimkuta amelala kwenye saruji. Pua ilikuwa kavu. Masikio yalikuwa ya moto.

"Una nini, mzee wangu? Amka tule."

Kepteni alitikisa mkia mara moja tu. Chakula hakukigusa.

Siku ya pili uso wake ulivimba kidogo. Siku ya tatu miguu ya nyuma ilimlegea. Na macho yake, yale ya rangi ya asali, yakaanza kuwa na ukungu.

Jioni nyumbani Maduhu aliuacha ugali wake upoe. Nyamizi akamjua.

"Ni mbwa?"

"Ni mbwa."

"Mwambie Bwana."

"Nimwambie nini? Ataniuliza nimempeleka wapi. Nitapoteza kazi, Mama Limi. Na Mama Pampu atasema mimi ni mtu nisiyesikia."

"Si ndivyo ulivyofanya? Hukusikia. Mimi pia nilikuambia."

Maneno yalikuwa machungu kwa sababu yalikuwa ya kweli. Maduhu akatoka akaenda kwa Januari. Januari hakujua lolote kuhusu mbwa, lakini hakuwa mtu wa kusema hajui.

"Hiyo ni minyoo," alisema. "Mpe mchuzi wenye pilipili. Na macho mpake samli. Baba yangu alikuwa anafanya hivyo."

"Kwa mbwa?"

"Kwa mbuzi. Si yote ni wanyama?"

Maduhu alimpa Kepteni mchuzi, akautapika. Alimpaka samli machoni, na macho yakazidi kufifia. Siku ya nne Bwana Pampu aliporudi kutoka shimoni alisimama juu ya mbwa wake.

"Maduhu. Kepteni ana nini?"

Mtu anaweza kujutia neno moja maisha yake yote. Maduhu alitazama viatu vya Bwana, akasema, "Ni joto tu, Bwana. Mbwa wa baridi huyu. Atapona."

Bwana Pampu alikuwa amechoka, pampu mbili zilikuwa zimeharibika siku hiyo. Aliamini. Zikapita siku tatu nyingine.

Siku ya nne baada ya uongo ule, Mama Pampu alirudi na mtoto. Alishuka kwenye gari akaita, "Kepteni! Kepteni, njoo umwone mtoto!" Topsi alikuja mbio. Kepteni alinyanyuka taratibu barazani. Alitembea kuelekea sauti, akagonga nguzo. Akazunguka, akagonga kiti. Macho yake yote mawili yalikuwa ya buluu, hayaoni kitu. Alimfikia kwa kunusa, akaweka kichwa miguuni pake.

Mama Pampu alimkabidhi mumewe mtoto, akapiga magoti. Alilia kwa sauti. Maduhu alikuwa nyuma ya ua na jembe mkononi. Naye machozi yalimtoka, akayafuta kwa mkono wenye udongo.

* * *

Bwana Mifugo, mtaalamu wa serikali wa kutibu wanyama, aliitwa, akafika saa nne asubuhi ya kesho yake, juu ya baiskeli. Jina lake Theonest, kijana wa Kihaya, kaptula imepigwa pasi, sanduku la mbao limefungwa nyuma.

"Shikamoo, Bwana Mifugo," mzee Eustace alimsalimu kwa kumtania, maana alikuwa mkubwa kwake kwa miaka thelathini.

"Aa, mzee, usinitie dhambini! Shikamoo."

"Marahaba. Mgonjwa yuko barazani."

Theonest alimpima Kepteni homa. Aliinua mdomo akatazama ufizi, ulikuwa mweupe. Akatazama macho, akatikisa kichwa. Kisha alichoma sikio kwa sindano, akachukua tone la damu, akalipaka kwenye kioo kidogo. Kwenye sanduku lake mlikuwa na hadubini, chombo cha kukuza vitu visivyoonekana kwa macho. Aliiweka mezani penye mwanga wa jua, akainama juu yake.

"Nani anamtunza mbwa huyu?"

"Mimi," alisema Maduhu.

"Njoo utazame. Fumba jicho moja."

Maduhu aliinama. Kwanza aliona mwanga tu. Halafu aliona vitu vya duara, vingi, vimetulia. Katikati yake palikuwa na vidudu vyembamba vinavyojinyonganyonga, vikisukuma vile vya duara huku na huku.

"Mayu wane!" alisema. "Hivi viko ndani ya Kepteni?"

"Viko ndani ya damu yake. Vya duara ni damu. Hivyo vinavyocheza ndivyo vinavyomuua. Huu ni ugonjwa wa mbung'o. Sasa niambie, bwana, mbwa huyu alipita pori gani?"

Bwana Pampu alimtazama Maduhu. Mama Pampu alimtazama. Maduhu angeweza kusema hajui. Angeweza kusema mbwa alitoroka mwenyewe, na mzee Eustace asingemsaliti. Lakini Kepteni alikuwa amelala pale, na mkia wake ulisogea kidogo aliposikia sauti yake.

"Mimi nilimpeleka," Maduhu alisema. "Mama yangu alikuwa mgonjwa. Nilipita naye porini, kwenda na kurudi. Nilidhani Mama Pampu anaogopa chui, nikabeba mkuki. Nikampaka samli machoni kama jirani alivyoniambia. Na Bwana aliponiuliza, nilisema ni joto. Nilidanganya. Niliogopa."

Bwana Pampu alisema maneno ya Kiingereza, makali. Kisha akasema kwa Kiswahili, "Chukua vitu vyako. Nenda."

"Ngoja," mkewe alisema.

Theonest hakuingilia ugomvi wao. Alikuwa anapasha maji ya kuchemshia sindano. Alipomaliza kumchoma Kepteni, alimgeukia Maduhu.

"Wewe Msukuma. Una ng'ombe?"

"Wapo kwa kaka yangu."

"Ungewapitisha pale?"

"Hata kwa kufa!"

"Kwa nini mbwa ukampitisha?"

"Mbwa wetu wanapita, Bwana Mifugo. Hawafi."

"Wanakufa," Theonest alisema. "Wanakufa sana, tangu wakiwa wadogo. Ila nani anauliza mbwa wa kijijini amekufa kwa nini? Wanaobaki ni wale ambao damu yao imezoea kidogo. Huyu hajazoea hata kidogo. Kwao hakuna mbung'o. Ni sawa na kumleta ng'ombe wa kizungu umwingize pale."

Maduhu alikaa chini kwenye ngazi.

"Atapona?"

"Ungeniita siku ile ya kwanza, chakula kilipomshinda, ningekuambia ndiyo. Leo sijui. Vidudu vimefika machoni na kichwani. Siku zile ulizokaa kimya zilikuwa ndizo siku zake za kupona."

Hakusema kwa ukali. Ingekuwa afadhali angesema kwa ukali.

"Na wewe mwenyewe," Theonest aliendelea, "mbung'o wengine huleta malale kwa watu. Ukipata homa isiyoisha, kichwa kikauma, au ukaona kidonda pale ulipoumwa, usiende kwa huyo wa samli. Nenda hospitali wakupime damu. Umenisikia?"

"Nimekusikia."

Kepteni alikufa siku ya tatu, wakati wa chakula cha mchana. Maduhu alikuwa ameshika kichwa chake. Alichimba kaburi mwenyewe nyuma ya bustani, akakataa kusaidiwa. Januari alikuja akasimama pembeni na kofia mkononi. Siku hiyo hakutania.

"Baba Limi," alisema, "ile samli... mimi nilisema tu. Sikujua."

"Nami nilijua kwamba hujui," Maduhu alijibu. "Nilikuja kwako kwa sababu hukuwa na maswali."

* * *

Maduhu alifungasha kitana na koti lake, akaenda kuaga. Mama Pampu alikuwa barazani, mtoto amelala mapajani.

"Kaa," alisema. "Nimezungumza na Bwana. Tukikufukuza, atakuja mtu mwingine asiyejua lolote. Tena kuna kosa langu. Nilikuambia hapana, sikukuambia kwa nini. Mimi pia sikujua. Nilimleta mbwa nchi nisiyoijua, na sikumwuliza mtu yeyote anayeijua. Bwana Mifugo alikuwa hapa hapa Geita. Mwaka mzima sikumwita."

Siku ya pili alimwita tena. Theonest alikaa na wote wanne: Bwana Pampu, mkewe, Eustace na Maduhu. Topsi alikuwa juu ya meza, hafurahii.

"Mtu akitaka kuleta mbwa kukaa huku muda mrefu," alisema, "amwulize daktari wa mifugo kabla hajapanda meli. Mbwa mzee au mwenye manyoya mazito sana, afadhali abaki kwao na ndugu. Si kila umpendaye ni wa kusafiri naye. Akishafika, siku zile zile za kwanza achanjwe kichaa cha mbwa. Huyu amechanjwa?"

Mama Pampu alisema hapana. Theonest akatoa sindano. Topsi akapiga kelele mpaka mtoto akaamka.

"Mbung'o mnawajua sasa. Amebaki kupe. Kupe analeta homa nyingine, inaharibu damu kwa siku chache tu. Maduhu, kila jioni pitisha vidole mwili mzima. Ndani ya masikio, kwapani, katikati ya vidole vya miguu, chini ya mkia. Ukimwona kupe, mkamate karibu na ngozi, umvute taratibu, umtupe kwenye moto. Usimpasue kwa kucha. Mwogeshe mbwa kwa dawa ya kupe nitakayokupa, na upime kama nilivyoandika, maana ile ni sumu. Saa sita mchana asikimbizwe juani. Maji yawe karibu, kivulini."

"Na akiumwa?" Maduhu aliuliza.

"Akikataa chakula siku moja, njoo. Usisubiri ya pili. Tazama ufizi. Ukiwa mwekundu wa kawaida, vizuri. Ukiwa mweupe, kimbia. Mkojo ukiwa wa rangi ya damu au chai nzito, kimbia zaidi. Na ukija, useme yote uliyofanya. Sitakupiga."

Tangu siku hiyo Maduhu alimkagua Topsi kila jioni. Nyamizi alikuja wakati mwingine kumsaidia, akaishia kuwakagua na mbuzi wao. Limi, binti yao, alihesabu kupe kwa sauti wakiingia motoni.

Mvua za masika zikaja, majani yakarefuka, kupe wakazidi. Siku mbili bustani ilifurika, na Maduhu akarudi nyumbani amechoka bila kumkagua Topsi. Wiki iliyofuata, asubuhi, Topsi aliacha chakula. Hakubweka. Maduhu aliinua mdomo wake, ufizi ulikuwa mweupe. Akamfuata bustanini akatazama mkojo. Ulikuwa mwekundu.

Aliona tena kila kitu: nguzo, kiti, macho ya buluu. Lakini safari hii hakwenda kwa Januari. Alikwenda moja kwa moja mlangoni.

"Mama, Topsi anaumwa. Nadhani ni homa ya kupe. Siku mbili sikumtazama, nilichoka. Ni kosa langu. Naomba nimpeleke sasa hivi."

Mama Pampu hakuuliza la pili. Alimfunga Topsi ndani ya kanga, Maduhu akambeba kifuani, akaenda mbio mpaka kwa Theonest. Alifika anahema, akaeleza yote kabla hajaulizwa.

Theonest alitazama damu. "Ni kupe," alisema. "Umewahi."

"Atapona?"

"Leo naweza kusema atapona."

Maduhu alishukuru, akatoka nje kabla hajaonekana anavyolia. Topsi alichomwa sindano siku hiyo na siku ya pili. Siku ya tano alikula. Siku ya nane alimbwekea Januari, na Januari akasema, "Afadhali. Nilikuwa nimekosa wa kunitukana."

* * *

Mkataba ulipoisha, Bwana Pampu na mkewe walirudi kwao na mtoto wao, na Topsi akiwa mnene, mzima. Nyumba ilikaa tupu mwezi mmoja. Kisha ikaingia familia nyingine ya Kizungu. Lori liliposhusha mizigo, kikashuka pia kibanda cha mbao, na ndani yake mbwa mkubwa mweupe, ulimi nje kwa joto.

Mama mgeni alimtazama Maduhu aliyekuwa amesimama kivulini na ndoo ya maji.

"Wameniambia wewe unajua mbwa," alisema. Mzee Eustace alimtafsiria.

Mtu mwingine angejisifu, kazi ilikuwa inatafutwa. Maduhu aliweka ndoo chini, akampa mbwa nafasi anywe.

"Mwambie," alisema, "mbwa wa kwanza niliyepewa nilimuua. Nilimpenda, na nilimuua. Wa pili alipona. Akiwa na nafasi, nitamweleza yote mawili, leo, kabla hajafungua masanduku."

Eustace alisita, kisha akatafsiri neno kwa neno. Yule mama alimtazama mbwa wake anavyokunywa. Halafu alivuta sanduku moja, akaketi juu yake, akamwonyesha Maduhu lingine.

"Keti," alisema. "Nieleze."